Isale la Hyattsville

Elieth alikuwa anamwaga maji aliyooshea mchele nje ya mlango wa nyuma, jambo ambalo binti yake Edna alishamkataza mara nyingi kwa sababu sinki ipo, ndipo alipoziona. Ncha za kijani. Zilikuwa zimetokeza kwenye kile kitalu kidogo kando ya ukuta, pale ambapo tangu Oktoba hakukuwa na kitu ila majani makavu na theluji chafu. Nyingine zilikuwa zimenyanyua bonge la udongo kichwani na hazijapata nafasi ya kulitua. Elieth aliiweka sufuria chini, akavaa malapa ya mkwewe yaliyokuwa mlangoni, makubwa mno kwake, akaenda kuinama juu yake.

Simu ikalia mfukoni mwa gauni lake. Alijua italia. Mlango wa nyumba ile ulikuwa unasema: ukiufungua tu, kidude kilichobandikwa sebuleni kinatangaza kwa Kiingereza kwamba mlango wa nyuma uko wazi, na popote Edna alipo simu yake inampa habari.

"Mama, uko nje?"

"Niko hapa mlangoni."

"Na Leonard?"

"Leonard amelala. Edna, maua yametoka."

Upande wa pili, katika nyumba ya wazee alikofanya kazi Edna, mtu alikuwa anaita nesi, nesi. "Maua gani, Mama? Hii ni Februari. Rudi ndani, utashikwa na pneumonia niwe na wagonjwa kazini na nyumbani."

Elieth akarudi ndani, mlango ukatangaza kwamba umefungwa, na nyumba ikawa kama ilivyokuwa.

Tuseme ukweli, hakuna aliyemfunga Elieth kamba. Ungemuuliza mtu yeyote pale kanisani Adelphi angekuambia bibi yule amebarikiwa. Alikuwa na chumba chake, kitanda kipana, blanketi la umeme, na televisheni yenye kwaya za nyumbani saa zote. Friji ilijaa. Mkwewe Mwita, Mkurya mpole aliyepanga mizigo kwenye ghala huko Manassas na kuondoka nyumbani kabla jua halijafikiria kutoka, hakuwahi kumpita bila kumuuliza kama amekula. Lakini bibi huyo huyo, kule Machame, Kilimanjaro, alikuwa na mazoea ya kwenda msibani, sokoni na kanisani kwa miguu yake, na kugombana na yeyote akitaka kugombana. Hapa Hyattsville, Marekani, hakujua kuendesha gari, basi lilipita likielekea asikokujua, Kiingereza chake kiliishia kwenye salamu, na mgongoni alikuwa na Leonard, mjukuu wa miezi saba. Ukimbebesha mtu mtoto mzuri namna ile, mwenye jina la marehemu mumewe, huhitaji kamba.

Alikuja kwa ahadi. Edna alipojifungua alimwambia, "Mama, njoo unishikie mtoto wakati wa baridi tu. Spring ikifika, unarudi." Elieth hakuijua spring. Akauliza ndiyo lini. Edna akatafuta neno, akasema, "Ni kama masika, Mama. Maua yakianza kutoka." Pale pale Elieth akakubali, kwa sababu masika aliijua. Masika ni Machi. Masika ndiyo alihitaji kuwa nyumbani.

Na alihitaji kweli, si kwa kumkumbuka ng'ombe. Mumewe alipokufa alimwachia kihamba, yale mashamba ya Wachaga ya mlimani, ya kahawa na migomba, ambayo mwana hurithi kwa baba. Kilipakana na cha shemeji yake, Laurean. Mpaka wenyewe ulikuwa mstari wa masale, ile mimea mirefu yenye majani kama panga jembamba ambayo kwao ndiyo hati ya ardhi kuliko karatasi yoyote. Tangu aondoke, Laurean alikuwa ameanza kuupima mpaka kwa macho. Baada ya Krismasi Mama Manka, jirani wa ng'ambo ya mfereji, alipiga simu kusema kwamba Laurean amekata vijiti vipya vya isale, amevilaza kivulini chini ya mibuni, anasubiri mvua. Hakuhitaji kueleza zaidi. Isale hupandwa mvua ikinyesha, hushika haraka, na likishashika hakuna Mchaga wa rika lao atakayethubutu kuling'oa, hata kama limepandwa katikati ya jiko lako. Kinachotakiwa ni mwenye shamba asimame pale siku hiyo na kusema, hapana, shemeji. Basi. Mwenye shamba mwenyewe alikuwa Maryland, anaosha chupa za maziwa.

Jioni ile Edna aliporudi, kabla hajavua koti, Elieth alimshika mkono akampeleka dirishani.

"Hizi ni zipi?"

Edna alitazama. Alikuwa mwanamke mrefu, wa sura ya baba yake, na miezi hiyo macho yake yalikuwa yameingia ndani kwa usingizi wa vipande vipande. "Hizo zinadanganyika kila mwaka, Mama. Jua likiwaka siku mbili zinatoka, halafu theluji inakuja inazifunika. Hiyo siyo spring."

"Ulisema maua yakianza kutoka."

"Haya si maua. Ni majani."

Na kweli theluji ikaja, juma lile lile, ikafunika kitalu na ngazi na gari. Edna hakusema kitu, ila Elieth alimsikia akiimba bafuni. Elieth akakaa dirishani na mtoto, akiitazama ile theluji kwa chuki ambayo hakuwahi kumwonyesha mtu. Ilipoyeyuka, ncha zilikuwa pale pale, ndefu zaidi, na katikati ya majani kulikuwa na vichwa vilivyofumbwa.

"Zimetoka," akasema.

"Mama, spring rasmi ni baada ya tarehe ishirini Machi." Tarehe ikakaribia, ikawa afadhali asubiri Mwita abadilishiwe zamu. Zamu ikabadilishwa, ikawa Leonard anaota meno, mtoto hawezi kubadilishiwa mlezi akiota meno. Edna alimpiga mama yake danadana kwa upole, huku akimchanua nywele na kumpaka mafuta miguuni, hata Elieth akawa anaona aibu kuuliza. Alipomweleza habari za Laurean, Edna alisema, "Ni mistari miwili tu ya kahawa, Mama. Si tutanunua kahawa."

Kuna maneno ambayo ukimjibu mtoto wako papo hapo utajuta, na ukinyamaza pia utajuta. Elieth alichukua chupa za Leonard akaenda kuziosha.

Jumapili iliyofuata Edna alikuwa kazini, Mwita amelala. Aliyempeleka Elieth kanisani ni Waringa, Mkenya wa Nyeri aliyefanya kazi pamoja na Edna, mwanamke wa moyo mweupe na mdomo usio na mlango. Waliporudi, Waringa alimsindikiza hadi nyuma ya nyumba, akasimama kuvua miwani.

"Haiya, Mum, angalia hizi daffodils zenu vile zimebloom. Nyumba yangu bado kabisa." Ua la kwanza lilikuwa limefunguka, la njano, limeinamisha uso. "Lakini usiwahi pikia mtu, eh? Kuna mama wa Congo alidhani ni kitunguu, akaweka kwa sombe, hiyo kisamvu yao, wakalala hospitali familia mzima."

"Sitapika. Mimi naondoka, mwanangu. Maua yakishatoka mimi naondoka."

Waringa alirudisha miwani. "Unaenda wapi, Mum? Si Edna aliniambia umeextend hadi December? Alichange tiketi kitambo, hata kabla ya Valentine's. Alikuwa na furaha mpaka akatununulia keki kazini."

Elieth alisimama pale, mtoto mgongoni, akitafuta uso wa kuvaa. "Ah, ndiyo," akasema. "Nilisahau."

"Uzee, Mum," Waringa akasema kwa upendo, akambusu shavuni, akaenda zake.

Walikula keki. Hilo ndilo lililomkaa Elieth kooni kuliko tiketi yenyewe. Mwanawe alimzunguka, akaenda kazini akanunua keki, na watu wakala, wakajua, na yeye usiku ule ule alikuwa jikoni akimchemshia Edna mtori wa ndizi ili apate nguvu. Aliingia ndani, mlango ukasema yake, akakaa kwenye kochi na koti mwilini. Hakulia. Aliona tu kwamba kuta za sebule ile, ambazo zilikuwa rangi ya maziwa, alikuwa amezikariri zote, kila ufa na kila alama ya kidole, na kwamba atazitazama mpaka Desemba.

Jumatatu Mama Manka akapiga simu. Huko nyuma yake ilisikika mvua juu ya bati. "Imeanza jana," akasema. "Wanasubiri udongo ulowe, Jumamosi watapanda. Laurean ameita vijana. Shoga yangu, wewe uko wapi?"

Jumanne Edna alikuwa na mapumziko. Saa tisa mchana alikuwa jikoni anakanda unga wa chapati, akiimba, mikono imepakaa mafuta hadi kwenye viwiko. Elieth alimlaza mtoto kwenye zulia, akatoka nje. Manyunyu yalikuwa yanaanguka. Aliinama kwenye kitalu akachagua jani moja, refu, nene, lenye uti. Halikuwa isale, hata kipofu angejua. Lakini lilikuwa la kijani, jembamba, na lilipindika bila kukatika. Alilifunga fundo moja katikati, kama alivyofundishwa na mama yake, akalifuta maji kwa kanga.

Maana isale lina kazi nyingine zaidi ya mpaka. Ukiwa umemkosea mtu kosa lisilosemeka, au una ombi ambalo huna tena maneno ya kuliombea, unamwendea na jani la isale lililofungwa fundo. Huhutubii. Unalinyoosha tu. Na anayenyooshewa hana njia: akilipokea mkononi, amesamehe, amekubali. Kukataa isale hakuna. Watu wamesamehewa damu kwa jani hilo. Elieth hakuwahi kulibeba maishani mwake, na hakuwahi kufikiri kwamba mara ya kwanza angelibeba kwenda kwa mtoto aliyemzaa.

Aliingia jikoni, akasimama mbele ya binti yake, akalinyoosha kwa mikono miwili. Goti lake moja lilikunjika lenyewe.

Edna aliacha kuimba. Alilitazama jani, kisha akamtazama mama yake, kisha akatazama unga.

"Jamani, Mama, zuri," akasema. "Liweke hapo kwenye glasi, mikono yangu ina mafuta."

Elieth hakusogea.

"Kwenye glasi, Mama, pale dirishani. Litiwe maji lisinyauke."

Akaliweka kwenye glasi. Mikono yake ilifanya hivyo bila kumuuliza. Akamchukua mtoto zuliani, akapanda naye juu, akakaa ukingoni mwa kitanda, na huzuni aliyoihisi ilikuwa nzito kuliko ile ya keki, kwa sababu hii alijilaumu mwenyewe. Hakumfundisha. Alimpeleka bweni akiwa mdogo, kisha Dar es Salaam, kisha ndege, na katikati ya ada na sare alisahau kumwambia mwanawe jani ni nini. Sasa amebaki na ombi ambalo hakuna mtu wa kulielewa bara zima hili. Ni kama kumpigia mtu magoti akakuuliza umeangusha nini.

Mwita alirudi saa kumi na moja, akanawa, akaingia jikoni. Leonard alikuwa ameamka anataka uji, kwa hiyo Elieth alishuka naye polepole, akishika ukuta. Alikuwa katikati ya ngazi aliposikia sauti ya mkwewe.

"Hili jani la nini kwenye glasi? Limefungwa fundo."

"Liache, Mwita. Usiliguse."

"Nauliza tu. Ni dawa?"

Chapati ikageuzwa. "Ni isale," Edna akasema. "Yaani amelifanya liwe isale. Anaomba nimwache aende. Nafikiri amejua habari ya tiketi."

Elieth aliganda pale ngazini.

"Kwenu ndiyo linawekwa kwenye maji?"

"Haliwekwi kwenye maji. Linapokelewa mkononi." Sauti ya Edna ilikuwa imeanza kukwaruza. "Nilikuwa darasa la tatu. Baba mdogo Laurean alimpiga baba jembe la mguu, mwaka mzima hawasemeshani, baba ameapa hata kaburini hatamsamehe. Siku moja Laurean akaja na jani. Nilimwona baba anavyonyoosha mkono, Mwita. Hakutaka. Mkono ulikwenda tu. Nikasema moyoni, hicho kitu mtu asiniletee. Leo Mama ameniletea. Ningelishika ningemwachia aende, na nikimwachia nani atakaa na mtoto? Wewe? Mimi? Daycare kwa pesa za nani? Nimechoka. Nimechoka mpaka nasinzia nikimgeuza mgonjwa kitandani. Siwezi kulishika. Nikasema mikono ina mafuta."

"Ulimdanganya mama yako."

"Nilimdanganya mama yangu."

Hapo ndipo Elieth alipojua kwamba ni afadhali angesahauliwa. Mtoto aliyesahau unamfundisha. Huyu alijua kila kitu, alijua mpaka mkono wa baba yake ulivyokwenda wenyewe, na akatumia ujuzi huo kumkwepa. Hasira ilimpanda hadi masikioni. Akashuka ngazi zilizobaki bila kushika ukuta, akatokea mlangoni mwa jikoni na mtoto kiunoni.

Mwita alipomwona aliinamisha macho. Edna aligeuka, mwiko mkononi, na uso wake ukaanguka.

"Mama."

Elieth alitafuta tusi. Hakukuwa na tusi la ukubwa ule.

Edna alizima jiko. Alifuta mikono kwenye taulo, akaifuta tena, kidole kimoja kimoja, kisha akawapita wote wawili, akafungua mlango wa nyuma, akatoka na soksi. Kidude kikatangaza kwamba mlango uko wazi. Kupitia dirishani walimwona akichuchumaa kwenye kitalu, mvua ikimwangukia kisogoni, akivuruga majani, akikata, vidole vikihangaika na kitu. Alikaa muda. Mwita akasema kwa sauti ya chini, "Mama, nisamehe na mimi. Niliijua tiketi." Elieth alimpandisha Leonard kiunoni, macho dirishani.

Edna aliingia ameloa. Mkononi alikuwa na jani. Fundo alilifunga vibaya, kwa haraka, karibu likatike. Akapiga magoti kwenye vigae vya jikoni, mbele ya mama yake, soksi zikitoa maji, akalinyoosha.

"Nisamehe tiketi," akasema. "Nisamehe la glasi. Na ninaomba ubaki, Mama. Mpaka Desemba. Siwezi peke yangu."

Elieth alilitazama lile jani, na kwa mara ya kwanza maishani alimchukia binti yake, kabisa, bila kujificha, na wakati huo huo aliona nywele zake zilizoloa na mabega yale ya baba yake, akataka kumfunika. Maneno yalikuwa tayari ulimini. Liweke kwenye glasi, mwanangu. Mikono yangu ina mtoto. Yangekuwa ya haki. Hata Mwita, Mkurya asiyehusika, angesema ni ya haki. Angeyasema, angepanda juu, angefunga sanduku, na kesho angemwomba Waringa ampeleke uwanja wa ndege, akatafute njia yake.

Lakini yeye hakuwa Edna. Yeye alizaliwa na watu ambao hawakuwahi, hata mmoja, kuliacha jani likining'inia hewani. Aliusikia mkono wake wa kulia ukianza kwenda. Aliuzuia. Ukaendelea.

Akamkabidhi Mwita mtoto. Akanyoosha mikono yote miwili, kama inavyotakiwa, akalipokea.

Edna aliweka paji la uso kwenye magoti ya mama yake akalia kwa sauti, kilio cha mtu aliyepata usingizi baada ya miezi. Elieth alimwacha alie. Alimshika kichwa, akasubiri kimalizike, huku akitazama juu yake, kwenye ukuta wa rangi ya maziwa. Huko Machame saa hizi kulikuwa na giza na mvua, na kesho kutakucha.

"Inuka," akasema mwishowe. "Vua hizo soksi."

Edna aliinuka, akajifuta pua kwa mkono. "Asante, Mama. Asante. Sijui nikwambie nini."

"Usiniambie mimi kitu. Chukua simu." Elieth alivuta kiti, akakaa, jani likiwa mapajani. "Mpigie baba yako mdogo Laurean, hata kama amelala. Mwambie wewe, kwa mdomo wako, kwamba mama haji. Mwambie apande masale yake, mvua isimpite."